Saa ya Kifahari Kwenye Usaili: Uivae au Uiache Nyumbani?

Kwa nafasi nyingi zinazotangazwa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, saa ya dola elfu tano haikuongezei hata alama moja mbele ya jopo, ila inaweza kukupunguzia. Zipo kazi chache ambazo mambo huwa kinyume, nazo tutazifikia. Kabla ya kuamua, pima mambo matatu: nani atakaa upande wa pili wa meza, ataona nini kutoka alipokaa, na saa yako iko katika hali gani. Lianze zoezi hili wiki moja kabla, maana kubadilisha betri, kupunguza cheni au kununua mkanda mpya si kazi za asubuhi ya usaili.

Anza na kazi unayoomba

Soma tangazo la kazi upya na ujiulize wanaotafutwa ni watu wa kushika nini. Kama ni fedha za watu wengine, yaani uhasibu, ukaguzi, manunuzi, ushuru, forodha au usimamizi wa miradi ya wafadhili, saa ghali iache. Watu wanaokaa kwenye majopo hayo wamezoea kulinganisha kipato cha mtu na mali aliyo nayo. Ndiyo kazi yao ya kila siku. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995, inayowataka viongozi kutamka mali na madeni yao, na Kenya nako watumishi wa umma hujaza fomu za mali. Mwishoni mwa Machi 2024 polisi nchini Peru walipekua nyumba ya Rais wa wakati huo, Dina Boluarte, wakitafuta saa za Rolex ambazo hakuwa amezitamka. Ikiwa saa inaweza kumletea rais polisi mlangoni, anayeomba kazi ya ofisa manunuzi hana sababu ya kuwapa wasaili swali ambalo halikuwemo kwenye karatasi yao.

Kwa kazi za mashirika yasiyo ya kiserikali, hasa zile za kwenda vijijini, shida ni nyingine. Wasaili wanakutazama wakijiuliza utakaaje kwenye mkeka na kikundi cha akina mama wa vicoba. Saa inayong'aa inajibu swali hilo kabla hujafungua mdomo.

Kazi za mikono zina sheria zake. Hospitalini, viwanda vya chakula na karakana zenye mashine zinazozunguka, saa ya mkononi huvuliwa kwa sababu za usafi au usalama. Hospitali za umma za Uingereza zilianza mwaka 2007 utaratibu wa wahudumu kuacha mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka, bila saa wala bangili, na wauguzi wengi hubandika saa kifuani ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Ukiitwa usaili wa vitendo kwenye kazi za namna hii, ivue mwenyewe kabla hujaambiwa na uitie mfukoni. Msimamizi mwenye uzoefu ataliona hilo, na ni alama yako.

Sasa zile chache. Kuuza nyumba na viwanja vya bei ya juu, magari ya kifahari, vito, huduma za benki kwa matajiri, uongozi wa hoteli za nyota tano, na nafasi za ukurugenzi kwenye kampuni binafsi: huko mteja wako mwenyewe amevaa saa nzuri, na mwajiri anataka kuona kama unaijua dunia hiyo. Vivyo hivyo kwa anayesailiwa Dubai au Muscat kwa kazi za mauzo na ukarimu. Hapo vaa saa nzuri kama unayo, ila chagua iliyo tulivu kati ya ulizonazo: ya chuma, uso wa rangi moja, bila almasi. Na jambo moja wasilolijua wengi wanaotoka bara: dhahabu ni haramu kwa mwanamume katika Uislamu. Saa ya dhahabu mkononi mwa mwanamume mbele ya jopo la Zanzibar, Mombasa au Ghuba inaweza kusomwa vibaya, na hata ile iliyopakwa rangi ya dhahabu tu itaonekana vilevile kwa mtu aliyekaa mbali. Chuma cha rangi ya fedha hakina mgogoro.

Ukiwa bado unasitasita, tumia kipimo chetu cha mshahara: saa inayotambulika kwa macho isizidi mshahara wa mwezi mmoja wa kazi unayoiomba. Rolex Submariner ya chuma dukani ni zaidi ya dola 9,000. Ukiivaa kwenda kuomba kazi ya shilingi za Tanzania milioni moja na nusu kwa mwezi, jopo litawaza mojawapo ya mawili: ama huna shida na kazi hii na utaondoka baada ya miezi mitatu, ama una chanzo kingine cha fedha ambacho wao hawakijui. Yote mawili yanakuumiza siku ya kupatana mshahara.

Wanaona nini hasa kutoka kule

Kati yako na msaili wa karibu kuna meza, yaani mita moja hadi mbili. Kwa umbali huo hakuna anayesoma jina lililoandikwa kwenye uso wa saa. Anachoona ni ukubwa, mng'ao, rangi, na umbo kama ni lile linalojulikana na kila mtu. Hii ndiyo sababu saa ya bei ya kati iliyo kubwa na ya njano hudhuru zaidi kuliko saa ya bei mbaya yenye uso mweupe na mkanda mweusi wa ngozi. Wapo wenye saa za mamilioni ambazo hakuna anayezigundua isipokuwa mpenzi mwenzao wa saa.

Jaribu hivi. Vaa nguo zote za siku ile, kaa mezani chini ya taa nyeupe kama ya ofisini, weka mikono juu ya meza, kisha umwombe mtu akupige picha kwa simu akiwa amekaa upande wa pili. Usikuze picha. Kama jicho lako linakimbilia kwenye kifundo cha mkono kabla ya uso, saa hiyo imefeli. Tazama na meza yenyewe, hasa ikiwa ni ya kioo au ya mbao iliyopigwa vanishi. Mwaka 2012 tovuti ya Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi ilichapisha picha ya Patriaki Kirill ambayo saa yake ya bei ghali ilikuwa imefutwa mkononi kwa kompyuta, lakini kivuli chake kikabaki kwenye meza iliyong'arishwa. Kanisa likaomba radhi. Meza za vyumba vya mikutano hazifichi siri.

Feki: hapana

Tuseme bila kuzunguka. Kuvaa saa feki ya jina kubwa ni kubaya kuliko kuvaa ya kweli, na ni kubaya kuliko kwenda mkono mtupu. Kwenye jopo la watu watano, inatosha mmoja tu awe anazijua.

Naye hutambua haraka. Rolex zinazotengenezwa leo hazitumii betri. Mshale wa sekunde unateleza, kwa sababu mtambo wa nyingi hupiga mara nane kwa sekunde. Saa yenye jina hilo ikiruka "tik, tik" mara moja kila sekunde, imejisema yenyewe. Kile kijilenzi juu ya tarehe hukuza tarakimu mara mbili na nusu. Kwenye feki nyingi tarehe inabaki ndogo kama ilivyo. Vile visaa vidogo ndani ya uso, kwenye feki za bei ya chini, ni michoro tu isiyosogea. Na rangi ya dhahabu ya kupaka huanza kuchubuka kwanza kwenye kingo na kwenye kifungo, pale jasho linapokaa, ikiacha mkono na alama ya kijani.

Kwa fedha ileile ya feki nzuri ya Kariakoo au Luthuli Avenue unapata Casio ya kweli, na ukiongeza unafika kwenye Citizen au Seiko. Tissot za betri huanzia chini ya dola 500, nazo zinakubalika mpaka ofisi ya mkurugenzi. Hakuna msaili atakayekudharau kwa Casio nyembamba yenye mkanda mweusi safi.

Ikae vizuri mkononi

Saa yoyote, ya elfu thelathini au ya milioni thelathini, huharibiwa na kutokukaa sawa. Pima mzingo wa kifundo cha mkono kwa futi ya fundi cherehani. Mwenye sentimita 16 hadi 17 anapendezwa na saa ya kipenyo cha milimita 36 hadi 39. Mwenye 18 na kuendelea anabeba hadi 41 au 42. Wanawake wengi huvaa kati ya 26 na 34. Jambo la kuangalia zaidi ya kipenyo ni zile ncha za juu na chini ambamo mkanda unaingia: zisitokeze nje ya upana wa mkono. Zikitokeza, saa inaonekana ya kuazima.

Unene nao una kazi yake. Saa ya milimita 11 au pungufu hupita chini ya kafu ya shati; ya 14 inanasa, na wewe unabaki ukivutavuta mkono wa shati usaili mzima. Ukiwa unashonesha shati jipya, mwambie fundi aongeze sentimita moja kwenye kafu ya mkono unaovalia saa. Mafundi wa suti wanalijua ombi hili. Mikono ikining'inia, shati liifunike saa. Ukikunja kiwiko, nusu yake ionekane. Zaidi ya hapo unaionyesha.

Cheni ya chuma inayocheza ndiyo kosa tunaloliona mara nyingi. Kila ukisogeza mkono inagonga meza. Inatakiwa kidole kidogo kipite kati ya cheni na mkono, basi. Kama ni ya pini za kawaida unaweza kuipunguza nyumbani:

1. Tandika kitambaa cheupe juu ya meza ili pini isipotee, kisha uvae saa na uhesabu vipande vilivyozidi.
2. Geuza cheni na utafute vishale vilivyochorwa upande wa ndani. Pini husukumwa nje kwa kufuata uelekeo wa kishale. Ukisukuma kinyume utaipinda, na hapo ndipo wengi hukwama.
3. Sukuma kwa kifaa chembamba cha chuma, ukigonga taratibu. Maliza kuivuta kwa koleo ndogo.
4. Ondoa idadi sawa kila upande wa kifungo. Idadi ikiwa witiri, kipande cha ziada kitoke upande wa tarakimu ya 6, ili kifungo kikae katikati ya mkono.
5. Rudisha pini kinyume cha kishale, na usitupe vipande ulivyotoa.

Cheni za saa ghali nyingi hufungwa kwa skrubu ndogo sana. Hizo mpelekee fundi saa mwenye bisibisi inayoenea sawasawa. Mkwaruzo mmoja pembeni unashusha bei yake siku ukitaka kuiuza.

Mkanda wa ngozi ufanane na viatu na mkanda wa kiunoni: mweusi kwa mweusi, kahawia kwa kahawia. Kabla ya kununua, pima kwa rula ile nafasi mkanda unapoingia. Mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22, na kosa la milimita mbili linaacha pengo baya. Kwa joto la pwani ngozi inakunywa jasho na kutoa harufu ambayo mwenyewe huisikii, kwa hiyo mkanda uliotumika miaka miwili ubadilishe. Cheni ya chuma isugue kwa mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ikiwezekana ikiwa imetolewa kwenye saa. Maandishi ya "mita 30" nyuma ya saa yanamaanisha inavumilia matone ya mvua; usiitumbukize kwenye ndoo.

Siku saba kabla

Saa iliyokufa mkononi ni aibu isiyo na utetezi, hasa msaili akikuuliza kwa utani, "Saa ngapi sasa hivi?" Kama ni ya betri na ina zaidi ya miaka miwili bila kubadilishwa, ibadilishe sasa. Mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili au nne kwa mpigo, kwenye saa nyingi hiyo ni ishara kwamba betri inakwisha.

Saa isiyo na betri ina mtego wake. Nyingi hushika nguvu kwa takriban saa 40. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi utaikuta imesimama. Ijaze kwa kuzungusha kitufe cha pembeni mara 20 hadi 30. Seiko 5 nyingi za zamani hazijazwi hivyo; zitikise taratibu kwa nusu dakika, kisha uivae. Na usibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana muda huo meno ya tarehe yameshikana na unaweza kuyavunja. Peleka kwanza mshale mfupi kwenye 6, badilisha tarehe, ndipo urekebishe saa.

Hapohapo, hakikisha saa ya usaili wenyewe. Barua ya Kiingereza ikiandika 9:00 AM, hiyo ni saa tatu. Barua ya Kiswahili ikiandika "saa 3:00 asubuhi", ni saa tatu hiyohiyo, lakini ukiiingiza kwenye kalenda ya simu kama 3:00 itakuamsha alfajiri ya saa tisa, au ikikosewa zaidi, itakukumbusha alasiri wakati wenzako wamesharudi makwao.

Casio za tarakimu hulia kila saa kamili. Kwenye F-91W, bonyeza kitufe cha chini kushoto mara moja uingie upande wa alamu, halafu cha kulia mpaka alama za kengele zote zipotee. Jaribu kusubiri saa kamili ifike usikie kama kimya kipo.

Saa janja

Tunashauri ibaki kwenye begi. Kila ujumbe ukiingia inatetemeka nawe unashusha macho bila kukusudia. Msaili anaona mtu anayetaka kuondoka. Kwenye mtihani wa kuandika inaweza kukutoa chumbani, kwa kuwa inahesabika kama simu. Kama huna nyingine na lazima uivae, weka hali ya ukumbi wa sinema, ile inayozuia kioo kuwaka unapoinua mkono, na uzime mtetemo pia.

Njiani

Kama umeamua kuvaa saa ghali, usipande nayo daladala wala matatu ikiwa mkononi, na hasa usikae dirishani kwenye foleni mkono ukiwa nje. Vibaka wa foleni hawaangalii kama ni feki. Ivingirishe kwenye kitambaa cha miwani, iingie mfuko wa ndani wa koti, uivae msalani ukishafika. Bodaboda huongeza jingine: vumbi na jasho. Futa kioo kabla hujaketi mapokezi.

Ndani ya chumba

Ukishakaa, sahau kuwa unayo. Usiizungushe, usiivue ukaiweka mezani, usitazame muda hata usaili ukirefuka. Wanawake wenye bangili wachague mkono mmoja wa saa na mwingine wa bangili. Bangili zikigongana na saa ya chuma kila neno lako litakuwa na ngoma yake. Hina na pete ya ndoa hazina shida.

Mara chache msaili mwenyewe huitaja: "Una saa nzuri." Andaa sentensi moja ya kweli. "Asante, mheshimiwa mwenyekiti, ni ya marehemu baba." Au, "Asante mama, nilijinunulia nilipomaliza chuo." Halafu nyamaza, arudi kwenye maswali. Usitaje bei, usieleze mtambo wake, na hata kama umeona yake ni nzuri zaidi, usimuulize aliinunua wapi. Ikiwa ni ya kuazima, "ni ya kaka yangu" ni jibu zuri kabisa, na mara nyingi huleta kicheko kinacholainisha chumba.

Kwa usaili wa mtandaoni, ivue. Kamera haioni mkono, lakini maikrofoni ya kompyuta inasikia kila cheni ya chuma inapogusa meza, na wale wa upande wa pili wanasikia kama mtu anayehesabu sarafu. Iweke nyuma ya kompyuta, uso ukikuelekea, hapo unaweza kutazama muda bila mtu kujua.